Wosia kwa Wajukuu Zangu Wawili

Pangani, Kibaha

Wajukuu zangu,



Naandika nikiwa na akili zangu timamu, ingawa miguu imeshakataa kunifikisha shambani. Baba yenu, Mungu amrehemu, aliwaacha ninyi wawili, kila mmoja na mama yake, na shamba moja la mikorosho. Zamani shamba hilo hakuna aliyeliulizia. Sasa mji umetufikia, madalali wanapita na bodaboda kutwa, na jamaa tuliowasahau wamekumbuka kuja kutusalimia. Kwa hiyo nawausia mapema, na wosia wangu naupitishia Unguja, kwa watu waliokuwa na mali kuliko sisi na bado wakapoteana.

Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alifariki baharini Oktoba 1856, akitoka Oman kurudi Unguja. Aliacha watoto 36 walio hai, wa mama mbalimbali. Mmoja wao ni Salme, aliyezaliwa 1844 katika jumba la Mtoni. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi. Mwingine ni Khole, dada mkubwa, ambaye mama yake asili yake ni Mesopotamia. Khole alikuwa kipenzi cha baba yao, na wenziwe walimwonea kijicho. Lakini Salme alimpenda kwa moyo wote, na walipokuja kukaa nyumba za jirani pale mjini, wakawa hawaachani. Basi akija mtu kuwaambia kuwa watoto wa mama mbalimbali hawaivi chungu kimoja, mwambieni hao waliiva.

Kilichowatenganisha ni ugomvi wa kaka zao. Majid ndiye aliyekuwa Sultani wa Zanzibar, huyo huyo aliyekuja kuanza kuijenga Dar es Salaam. Salme na mama yake walishakaa nyumbani kwake, akawatunza vizuri. Barghash naye alikitaka kiti. Khole akasimama na Barghash, na mwaka 1859 akamvuta na Salme. Binti huyo alikuwa na miaka 15 tu, mama yake ametoka kufa kwa kipindupindu. Hakuwa na kisa na Majid. Alimfuata dada.

Na kwa kuwa alijua kuandika, kazi ya ukarani ikamwangukia. Alijifunza kwa siri, akinakili maneno ya Qurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mkono uliozoezwa na aya sasa ukaandika barua za kutafuta bunduki na baruti. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, dada hao walikwenda usiku na kundi la wanawake, wakamtoa kafunikwa nguo za kike, akapita mbele ya askari. Uasi ukashindwa, Waingereza wakamsaidia Majid, Barghash akapelekwa Bombay.

Hapo sasa sikilizeni vizuri. Majid hakumwadhibu Salme. Baadaye alimwomba aiache nyumba aliyokuwa akikaa Bububu ili akae balozi wa Kiingereza, naye akakubali, wakaanza tena kutembeleana. Khole akakasirika. Kwake yeye, kupatana na Majid kulikuwa ni kumsaliti yeye. Salme akabaki katikati, huku wamemnunia na kule hawajasahau aliyoyafanya. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa ajili ya mfanyabiashara wa Kijerumani, akabatizwa Aden, akaolewa naye, akaishi Hamburg. Aliporudi kutazama kwao mwaka 1885, Khole alikuwa ameshafariki. Aliyekuwa Sultani ni Barghash, yule yule aliyeandikiwa barua na kutoroshwa usiku. Alikataa hata kumwona.

Wajukuu zangu, kaka aliyegombaniwa alipata kiti chake. Dada wawili walipoteza kila mmoja mwenzake.

Neno langu ni hili: kamwe mmoja asimwambie mwenzake, "Kama wanipenda, usiende kwa fulani." Iwe fulani huyo ni mama, mume, shangazi au baba mdogo. Dada yako akipatana na mtu uliyekosana naye, mwache apatane. Siku moja atakuwa ndiye njia yako ya kurudia. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wale wanaojiingiza katikati yenu badala ya kwenda kulima hawatakuwepo siku ya mavuno.

Kila mmoja amwite mama wa mwenzake mama, na sikukuu aende kumsalimia bila kusindikizwa. Akiugua, msiulizane huyo ni mama wa nani.

Kuhusu shamba: kikao cha ukoo kikikaa kupendekeza msimamizi wa mirathi, kaeni wote wawili, na muhtasari usomwe kwa sauti kabla haujapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Asiweke mtu sahihi kwenye karatasi ambayo mwenzake hajaiona, hata akiambiwa ni ya kupima mipaka tu. Anayetaka kuuza sehemu yake apimiwe, auze, asiitwe msaliti. Asiyetaka asisukumwe. Na anayenunua aoneshwe mpaka mbele yenu wote na mjumbe wa mtaa.

Wewe mdogo, najua unamwogopa dada yako; mwambie "hapana" anapostahili kuambiwa. Na wewe mkubwa, usiutumie upendo wake kumbebesha vita vyako. Khole hakumlazimisha Salme kwa fimbo. Alijua tu kwamba hatakataliwa.

Mambo mengine yote mtajipangia wenyewe, nami nimewasamehe yaliyopita na naomba mnisamehe. Mungu awape umri, awape riziki ya halali, awatie huruma ninyi kwa ninyi.

Wabillahi tawfiq.

Bibi yenu, mama mzaa baba