Ukuta wa Nje: Siku Mbili Sarang'ombe



Mwezi wa Januari, mvua za vuli zilipokwisha, nilisafiri kutoka Mombasa hadi Nairobi kumzuru mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni fundi cherehani katika mtaa wa Sarang'ombe, Kibera. Sikumkuta kwenye cherehani. Alikuwa nje ya nyumba yake, amekunja mikono ya shati, akikwangua rangi kuukuu ukutani.

"Maalim, niwie radhi," alisema, "mkono una vumbi, siwezi kukupa."

"Nipe hivyo hivyo, mwanangu."

Sisi watu wa pwani twaijua Kibera kwa habari za mashaka, tukasahau kuwa ni makao ya kale ya Waislamu. Askari wa Kinubi walianza kukaa hapo mwaka 1904, wakapaita Kibra, yaani msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitenga ekari 4,197. Hatimiliki ya jamii waliyokabidhiwa Wanubi mwaka 2017 ni ya ekari 288. Wakazi wengi wa leo, mwenyeji wangu akiwa mmoja wao, ni wapangaji tu. Nao wanakumbuka Julai 2018, matingatinga yalipobomoa nyumba kwa maelfu ili kupisha barabara.

Kuta za huko zimezoea kusema. Mwanzoni mwa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipopamba moto, mchoraji Solomon Muyundo, ajulikanaye kama Solo 7, alizunguka Kibera akiandika kwenye kuta maneno ya kuomba amani. Siku hizi kuta nyingi husema biashara: kampuni hupaka nyumba au duka rangi bure, mradi jina lake lisomeke njiani.

Nyumba ya mwenyeji wangu yatazama njia. Wiki chache kabla sijafika, walimjia watu wa kampuni moja ya kamari wakaahidi kumpakia ukuta wote bila malipo. Alikataa. Mkewe alimwuliza swali la haki: "Bwana, pesa ya unga waipaka ukutani, na bure imetujia mlangoni?"

Akamjibu: "Nitawaambiaje watoto kamari ni haramu, na nyumba yao ndiyo inayoitangaza?"

Basi alimwomba mwenye nyumba idhini, kwa kuwa mali ya mtu haibadilishwi bila ya ridhaa yake. Wakaandikiana mbele ya mashahidi kwamba kodi haitapandishwa kwa sababu ya rangi hiyo. Kisha akaanza kazi mwenyewe, maana ujira wa fundi hakuwa nao.

Nilivua kanzu nikamsaidia. Ukuta ni wa miti na udongo, umepigwa plasta ya saruji juu. Siku ya kwanza tulikwangua kila kilichobambuka, tukafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, tukaziba nyufa kwa saruji, tukauacha ukauke. Nilimsifu kwa kuchagua rangi ya maji. Rangi ya mafuta hung'aa, lakini huufungia unyevu ndani ya ukuta wa udongo, na mvua za masika zikija hubambuka yote. Babu yangu alipenda chokaa kwa sababu hiyo hiyo: huuacha ukuta upumue.

Siku ya pili tulipaka, kutoka juu kwenda chini, tukiufuata upande wenye kivuli, kwani jua kali huikausha rangi kabla haijashika. Mkono wa kwanza ukakauka, tukapaka wa pili. Chini, kiasi cha dhiraa mbili, tulipaka kahawia, ili matope yarukayo njiani yasionekane upesi.

Mzee mmoja alisimama akatutazama. "Na tingatinga likija kesho?"

Kusema kweli, swali hilo nami nilikuwa nalo moyoni. Mwenyeji wangu hakuiacha brashi. "Baba, Maalim huyu ndiye aliyetufundisha kwamba mwenye mche mkononi na aupande, hata Kiyama kikisimama."

Niliinama kuchovya brashi, nikaona haya. Nilimfundisha nikiwa mkekani, naye alinikumbusha akiwa juu ya ngazi.

Jioni mkewe alitoka na chai, akautazama ukuta kitambo. "Umependeza," alisema. "Lakini wiki hii mtakula maharagwe." Tukala maharagwe, tukashukuru.

Ndugu zangu, ndani ya nyumba ni sitara yetu. Nje ni haki ya jirani na mpita njia. Ramadhani ikikaribia, wengi wetu tutapaka nyumba zetu. Kabla ya kununua rangi, na tutoke tusimame njiani, tujiulize ukuta wetu wamwambia nini mtoto anayerudi kutoka madrasa.

Wabillahi tawfiq.