Prefe, Kiranja na Kiti cha Mzazi



Kuna neno moja linalotuchekesha kila tunapokutana sisi wasema Kiswahili wa Evere, nalo ni prefe. Mwenzetu wa Bukavu au Lubumbashi akisema ameitwa na prefe, maana yake ameitwa na mkuu wa shule ya sekondari. Hivyo ndivyo Wabelgiji walivyomwita kule Kongo, na ndivyo anavyoitwa hadi leo katika shule nyingi za serikali hapa. Mwenzetu wa Nairobi au Moshi akilisikia neno hilo humkumbuka kiranja, yule mwanafunzi wa kupiga kengele na kuandika majina ya wapiga kelele. Hushangaa mzazi mzima, mwenye mvi zake, kuitwa na kiranja!

Tukishacheka, swali hubaki pale pale. Shule ndogo inaongozwa na nani hasa, na mzazi ana nafasi gani mbele ya viongozi hao?

Shule tunazozizungumzia uongozi wake wote unatosha kwenye meza moja: mkuu, msaidizi wake, mhasibu, na walezi wanaosimama mlangoni asubuhi kuwahesabu waliochelewa. Lakini meza hiyo ina uzito. Mwisho wa mwaka walimu wote wa darasa hukaa chini ya uenyekiti wa mkuu au mjumbe wake, na kila mtoto hupewa cheti chenye herufi. Mwenye A anaendelea. Mwenye C anarudia darasa. Mwenye B anaendelea, lakini amefungiwa mikondo fulani ya masomo.

Herufi hii B ndiyo inayotuumiza kichwa. Mtoto wa mwaka wa nne aliyetamani kusoma sayansi hujikuta kwenye mkondo wa ufundi. Ufundi hatuudharau hata kidogo. Fundi bomba hodari hapa Bruxelles hakosi kazi wala heshima. Tunachouliza ni kama mtoto amechagua au amechaguliwa, na kama wazazi wake walielewa karatasi waliyopewa. Sheria inawaruhusu wasioridhika na B au C kuomba uamuzi uangaliwe upya ndani ya shule, na wakishindwa hapo wakate rufaa nje ya shule. Ila siku zake ni chache, na barua haisubiri mtu arudi kutoka zamu ya usiku.

Sisi tumelelewa kumheshimu mwalimu. Wazee wetu walimpeleka mtoto chuoni wakamwambia mwalimu, "Nyama yako, mifupa yangu," wakageuka wakaenda zao. Hiyo ilikuwa imani kubwa, na mwalimu alijua uzito wake, kwa kuwa jioni alikutana na mzazi yule yule msikitini, kanisani au sokoni. Hapa mwalimu anaishi mji mwingine na hupanda treni saa kumi jioni. Kimya cha mzazi, ambacho kwetu ni adabu, huku husomwa kuwa mzazi hajali.

Ndiyo maana tunataka ijulikane kwamba sheria ya tarehe 24 Julai 1997, katika Jumuiya ya Kifaransa ya Ubelgiji, iliagiza kila shule iwe na baraza la ushiriki. Humo mkuu huketi pamoja na wawakilishi wa mwenye shule, wa walimu, wa wafanyakazi, wa wazazi, na kwa sekondari hata wa wanafunzi. Baraza hujadili mpango wa shule na hutoa maoni kuhusu gharama wanazotozwa wazazi. Haliamui, linashauri. Shule za Kiholanzi nazo zina baraza lao.

Kiti kama hicho, kwetu watu waliwahi kukigombania kwa gharama. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa chuo kidogo mno: wanafunzi 14, kitivo kimoja cha sheria, katika jengo la TANU kwenye mtaa unaoitwa Lumumba. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mkanada, Cranford Pratt. Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili, Pius Msekwa akiwa Makamu Mkuu wa Chuo. Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, uliowakanya viongozi wasiwe na majivuno wala dharau kwa wanaowaongoza. Wanafunzi waliusoma, wakautazama uongozi wa chuo chao. Julai mwaka huo Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa kiongozi wa chama chao, alimwandikia Makamu Mkuu barua ya wazi. Akafukuzwa chuoni, askari wa kutuliza ghasia wakaja Mlimani, naye akarudishwa Kenya. Wenzake waligoma kuingia madarasani. Moyo wa ugomvi ule ulikuwa jambo dogo la kusema, kubwa la kutenda: anayeongozwa naye asikilizwe.

Hapa Evere hatuhitaji mgomo. Tunahitaji jioni chache kwa mwaka. Baadhi yetu tumekaa kwenye baraza hilo, na tumejifunza mambo ambayo mlangoni huwezi kuyaona. Kwanza, idadi ya masaa ya kufundisha ambayo shule inapewa hutegemea idadi ya wanafunzi wake. Shule ndogo ikipoteza watoto ishirini, huenda somo zima likafungwa, na mkuu ndiye anayelazimika kuchagua lipi. Tangu tulijue hilo tunamtazama kwa jicho jingine. Naye ana wakubwa wake na hesabu zake zinazomnyima usingizi.

Pili, neno la mzazi linafika. Ilipozungumzwa safari ya darasa, tulieleza kwamba nyumba yenye watoto watatu shuleni haiwezi kulipa yote mwezi wa Septemba, ambao pia una vitabu na viatu. Hakuna aliyekasirika. Walikuwa hawajalifikiria tu, na wazazi wakaruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Wala Kifaransa chetu hakikuwa cha redioni. Tulisema tulivyoweza, wakaelewa.

Kwa hiyo, wazazi wenzetu, mwaka wa shule ukianza ulizeni wawakilishi wa wazazi wanachaguliwa lini. Anayeona haya aende na jirani. Karatasi ya herufi ikija mwisho wa mwaka wa shule, msiitie sahihi kabla hamjaielewa. Mtafuteni mtu awasomee siku hiyo hiyo. Mtoto mwenyewe asiwe mkalimani wa hukumu yake. Na mkionana na mkuu wa shule, mpeni heshima yake yote mliyofundishwa nyumbani, kisha vuteni kiti mkae, kwa sababu mtoto anayezungumziwa pale ni wenu, nyama na mifupa.