Maji ya Kwanza

Nilinunua jezi 15 Kariakoo, za bluu, kifuani zikiwa na nembo ya kampuni kubwa ambayo bila shaka haikuzishona. Bei ilikuwa ya mwanafunzi. Nikazipakia kwenye basi la Mugumu, zikapokewa Morotonga na mdogo wangu, nahodha wa timu ya mtaa. Niliporudi likizo nilimkuta mama kijitoni, anazifua kabla hazijavaliwa.

"Zinanuka dawa," alisema.

Povu la bluu lilikuwa linateremka taratibu. Upande wa chini, ng'ombe wa jirani walikuwa wanakunywa. Nilikuwa na la kumwambia, ila sikujua nianzie wapi.

Julai 2011, shirika la Greenpeace lilitoa ripoti kuhusu viwanda viwili vya nguo nchini China, kimoja kwenye delta ya mto Yangtze, kingine delta ya mto Pearl. Majitaka yake yalikutwa na kemikali za sumu, na kampuni zinazoviendesha zilikuwa na uhusiano wa kibiashara na majina makubwa ya nguo za michezo: Adidas, Nike, Puma. Mwezi uliofuata zikapimwa nguo zenyewe, zilizonunuliwa madukani katika nchi mbalimbali. Kati ya nguo 78, 52 zilikuwa na NPE, kemikali ya kusafishia vitambaa kiwandani. Ikiingia majini huvunjika na kuwa nonilifenoli, ambayo hukaa muda mrefu, hujikusanya katika samaki na kuiga homoni ya kike. Vipimo vya mwaka 2012 vilionyesha kwamba katika baadhi ya vitambaa, sehemu kubwa ya NPE hutoka kwa kufuliwa mara moja tu.

Nilimweleza mama hayo jioni, tukichambua mboga. Nikamweleza pia jinsi wanaharakati katika nchi kadhaa walivyovua nguo mbele ya maduka ya Nike na Adidas ili wasikilizwe.

"Walivua nguo kwa ajili ya nguo?" Akacheka mpaka akaweka ungo chini. Kisha akauliza, "Na wakasikilizwa?"

Walisikilizwa. Puma iliahidi Julai hiyohiyo, Nike na Adidas Agosti: ifikapo 2020, hakuna tena kemikali hatari katika utengenezaji wa nguo zao. Na tangu Februari 2021, Umoja wa Ulaya hauruhusu kuuzwa nguo mpya ya kufuliwa kwa maji ikiwa NPE imefikia asilimia 0.01 ya uzito wake.

"Sasa hizi zetu?"

Hapo ndipo niliposhikwa. Wale walikuwa na mlango wa kusimama mbele yake. Kampuni yenye jina huogopa jina lake kuchafuka. Jezi zangu zina jina la kuazima. Aliyezishona hajulikani, aliyeniuzia hakunipa hata risiti. Hakuna aliyezipima. Nilikuwa nimeitazama bluu ile kana kwamba ndiyo sumu, kumbe NPE haina rangi. Maji yangeweza kuonekana safi kabisa na bado yakaibeba hadi Ziwa Victoria, maana maji yote ya wilaya yetu mwisho wake ni huko.

Nilimshauri mama afulie nyumbani, maji ayamwage shimoni, mbali na kijito. Alikubali, lakini aliniangalia kama mtu aliyepewa kazi ya mwingine. Ni kweli. Tatizo la kiwandani nilikuwa nimelitua kwenye beseni la mama yangu.

Mlango tunao, hata hivyo. Jezi hazioti Kariakoo. Huja kwa kontena, hupita bandarini, na nchi ina Shirika la Viwango. Kizazi chetu kinajua kubishana usiku kucha kuhusu jezi mpya ya Simba na Yanga, rangi yake, kola yake, bei yake. Tunaweza kuongeza swali moja: imesafishwa kwa nini?

Mdogo wangu aliivaa yake Jumapili. Walishinda mbili bila. Jioni aliivua imelowa jasho, akaiweka mlangoni, karibu na ndoo.