Binti Aliyekataa Kuwa Bora

Tarehe 12 Januari 2019, katika mji wa Anaheim, California, binti mmoja wa Kimarekani aitwaye Katelyn Ohashi aliingia uwanjani kuiwakilisha timu ya Chuo Kikuu cha UCLA katika jimnastiki, mchezo wa kuruka na kupinduka hewani. Alicheza huku uso wake umejaa furaha, na wenzake pembeni wakiziiga hatua zake. Waamuzi wakampa alama 10, ambazo hazina zaidi yake. Kanda ya mchezo huo ilitazamwa na makumi ya mamilioni ya watu duniani.

Mavazi na muziki wa mchezo ule si vyetu, wala sikukusudia kuvizungumzia. Kilichonishughulisha, nikiwa mama na shangazi, ni safari iliyomfikisha pale.

Mwezi Machi 2013, akiwa na umri wa miaka 15, Ohashi alishinda mashindano ya American Cup. Aliyemfuata nafasi ya pili ni Simone Biles, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa Olimpiki. Ohashi naye alitabiriwa makubwa. Kumbe mtoto yule alikuwa katika mateso. Mgongo ulimsumbua, na bega likahitaji upasuaji. Juu ya hayo alikuwa akisemwa kwa uzito wake, naye ameeleza hadharani, hata kwa mashairi, jinsi maneno hayo yalivyomfanya auchukie mwili wake mwenyewe. Akaiacha njia ya Olimpiki, akaenda chuoni.

Huko UCLA alipokewa na mkufunzi Valorie Kondos Field, mwanamke ambaye hakuwahi kucheza jimnastiki maishani mwake. Asili yake ni densi ya baleti. Mkufunzi huyo amesimulia kwamba Ohashi alimweleza wazi kuwa hataki kuwa bora tena. Nilipolisikia neno hilo nilinyamaza kwa muda. Binti huyu hakuwa mvivu. Ubora aliujua kwa sura moja tu, nayo ni maumivu. Mkufunzi hakumkemea wala hakumlazimisha. Alimjali kwanza kama mtu, akasubiri mpaka imani ikajengeka. Mwaka 2018 UCLA ikatwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani, na Ohashi akawa miongoni mwa mabingwa wa mchezo wa sakafuni.

Dada zangu, sisi huku pwani hatuna kumbi za jimnastiki, lakini ndimi tunazo. Binti wa kaka yangu ana miaka 13, na kwa mbio huwaacha nyuma wavulana wa mtaani. Mwaka jana, katika shughuli ya harusi, mgeni mmoja alimtazama mbele ya kadamnasi akamwambia kwa mzaha kwamba akiendelea kunenepa vile hatapata wa kumuoa. Wanawake wakacheka, sinia za pilau zikaendelea kupita. Tangu siku hiyo mtoto akawa anasogeza sahani kando, akidai ameshiba. Bibi yake alidhani ni homa. Mpaka leo wali wake huupima kwa kijiko, na mbio ameziacha.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Aliyetoa mzaha ule huenda ameshausahau, na mtoto anaubeba bado.

Mama yake ameamua kwamba nyumbani mwake hapana ruhusa ya kuutaja mwili wa mtoto yeyote, kwa kumsifu wala kumkejeli. Mgeni akianza, huambiwa kwa upole, hata awe mkubwa. Wapo waliokasirika. Mimi namuunga mkono, kwa kuwa nimeona kwa Ohashi kwamba jeraha la maneno hupona polepole, na hupona kwa kuwa karibu na mtu mzima mwenye subira.

Ohashi alimaliza masomo yake mwaka 2019 bila ya kufika Olimpiki. Kwa hesabu ya medali, wengine watasema alipungukiwa. Kwa hesabu ya mzazi, alimaliza akiupenda mchezo wake, jambo ambalo akiwa na miaka 15, pamoja na ushindi wote ule, hakuwa nalo. Binti yetu naye simwombei medali. Namwombea siku moja avae viatu vyake, atoke mbio mpaka mwisho wa mtaa, arudi na njaa.