Picha za Magari ya Moshi Yaliyosalia

Hapa kando ya Ziwa kila treni tungali twaiita gari la moshi, ingawa watoto ninaowafundisha Mwanza hawakupata kuuona moshi wenyewe. Reli ilitufikia mwaka 1928 kutoka Tabora, na vichwa vyake vilikwenda kwa nguvu ya mvuke. Baadaye vikaja vya dizeli, na mwaka 2021 likawekwa jiwe la msingi la reli ya umeme kutoka Mwanza hata Isaka. Basi nalitaka kuvipiga picha vichwa vya mvuke vilivyosalia, niwaonyeshe wanafunzi.

Ajabu, mambo ya kwetu naliyakuta ugenini. Nalivuka mpaka Sirari, nikazunguka kwa Kisumu, ambako reli ya Mombasa ililifikia Ziwa letu mwaka 1901, nikafika Nairobi kwenye makumbusho ya reli yaliyofunguliwa mwaka 1971. Huko kimesimama kichwa chenye jina Nyaturu, yaani watu wa Singida! Jirani yake yupo Mount Gelai, mlima wa kwetu karibu na Ziwa Natron. Vyote vilikuwa vya Reli za Afrika Mashariki, kabla Jumuiya ya kwanza haijavunjika mwaka 1977.

Mount Gelai ni jitu. Uzito wake wapita tani 250. Chombo cha kuchemshia maji kimening'inizwa katikati, nacho kina mafungu mawili ya magurudumu, moja mbele, moja nyuma, ili kiumbo kirefu namna ile kiweze kupinda penye kona. Vilitengenezwa 34 vya namna hiyo, Manchester, miaka ya 1955 na 1956; na kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1966.

Kupiga picha chuma cheusi si kazi nyepesi, maana hunywa mwanga. Yafaa kufika asubuhi, jua likiwa mgongoni, na kumsimamisha mtu kando ya gurudumu, ili ukubwa ujulikane. Wapigaji wengi humwondoa mtu, wapate mashine peke yake. Huko India, katika reli ya Darjeeling iliyofunguliwa mwaka 1881, vichwa vya mvuke vingali vyavuta abiria, na wageni hutoka mbali kwenda kuvipiga. Lakini katika picha zao nyingi nilizoziona, mchochea moto ni kivuli tu dirishani.

Niliporudi nalimwonyesha picha zangu mzee mmoja jirani, aliyekuwa mchochea moto katika reli yetu. Jina la Nyaturu hakulitazama. Aliweka kidole penye kibanda cha dereva, akanieleza jinsi alivyolinda kile kioo kidogo cha maji usiku kucha, kwa kuwa maji yakipungua mno chombo hupasuka na kuwaua wote wawili. Kisha akauliza, "Mwalimu, na sisi umetupiga wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Makabila na milima yaliandikwa kwa herufi kubwa juu ya chuma. Waliokesha na moto hawakuandikwa po pote. Tangu siku ile nawatafuta wazee hao, nawapiga picha, na nyuma ya kila picha naandika jina, kijiji, na kazi aliyofanya. Nimepata wanne, mmoja amekwisha kufariki. Jumamosi hii nakwenda Misungwi kwa mzee asiyeona tena. Ameagiza nifike mapema, kabla hajaondoka kwenda shambani na mjukuu wake.