Punguzo la Halali

Akina mama tunajua kupatana bei. Mama wa Mbezi Luis akienda sokoni hupunguziwa fungu la nyanya, na akiondoka ameongezewa pilipili mbili. Lakini likija suala la gari, mama huyohuyo hukaa kimya pembeni akamwachia baba watoto aseme peke yake. Kwa nini, dada yangu? Fedha ile ni jasho la nyumba nzima.

Sisi tuliweka akiba miaka minne. Mama mkwe wangu huenda kliniki kila mwezi, na kwa magoti yake kugombania daladala ni mateso. Tukaamua kutafuta gari dogo. Kwa wengi wetu gari "jipya" ni lile lililotumika Japani likaletwa kwa meli, ambalo bado halijapata namba za hapa kwetu.

Kabla ya kwenda yadi nilitaka kwanza kujua bei inatokana na nini. Kuna thamani ya gari lenyewe, pamoja na bima na nauli ya meli mpaka bandari ya Dar es Salaam. Juu yake kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, nyongeza kwa gari lenye umri mkubwa, na VAT ya asilimia 18. Mamlaka ya Mapato, TRA, ina kikokotoo kwenye mtandao ambacho kila mtu anaweza kukitumia kupata makadirio ya kodi ya gari analolitaka. Fedha hiyo ya kodi muuzaji hawezi kukupunguzia, kwa sababu si yake. Anachoweza kupunguza ni faida yake. Ukilijua hilo hutaomba lisilowezekana, wala hutadanganywa kwamba bei yote imepangwa na serikali.

Tulizunguka yadi tatu kabla ya kutamka bei yetu. Tulikwenda na fundi wetu wenyewe, siyo wa kuonyeshwa na muuzaji. Kiasi tulichokuwa nacho hatukukitaja. Fundi alipoona matairi yamezeeka na betri imechoka, tuliyasema hayo, na hatukuongeza la uongo. Mithali 20:14 inamtaja mnunuzi anayekiponda kitu mbele ya mwenye mali, kisha akiondoka anajisifu. Mkristo anaweza kubishana bei bila kuwa mtu wa namna hiyo. Kasoro iliyopo itaje; isiyopo usiitunge.

Muuzaji alianzia milioni 15 na nusu. Kila nilipouliza swali, jibu alimpa mume wangu: "Bosi, gari hili halina shida." Nikamwambia taratibu, "Mwanangu, tumekuja wawili, na fedha ni ya wawili." Baada ya hapo alitusikiliza sote. Akashuka hadi milioni 15, akagoma.

Kisha akainama mezani na kusema kwa sauti ya chini: "Mama, mkikubali niandike milioni 9 kwenye risiti, nitawapunguzia milioni nzima."

Dada zangu, milioni moja si mchezo. Kwetu ni ada ya mtoto. Mume wangu alinitazama, nami nikamtazama. Tukaomba dakika chache, tukatoka nje. Alisema, "Kila mtu anafanya." Nikamjibu, "Watoto watakapouliza tulilipataje, tutawaeleza yote?" Akanyamaza, kisha akasema, "Turudi tukamwambie hapana."

Nilikuwa nimemkumbuka Abrahamu, katika Mwanzo 23, aliponunua pango la Makpela apate mahali pa kumzika Sara. Efroni Mhiti alitaja shekeli 400 za fedha, na Abrahamu akaipima fedha ile langoni, watu wakishuhudia. Mapatano yake yalifanyika mbele ya macho ya wote. Punguzo la kunong'onezwa haliwezi kusimama langoni. Tena risiti ya uongo ni hasara kwako mwenyewe: siku ya ugomvi, karatasi itasema ulilipa milioni 9, nawe utakosa ushahidi wa zilizobaki.

Tulirudi tukasema tunataka risiti ya bei kamili, na kwamba bei ikishindikana tutakwenda kwingine. Na kweli tulikuwa tayari kwenda. Ndiyo nguvu ya mnunuzi. Akatupunguzia laki mbili, akaongeza matairi manne mapya na betri. Tulikagua namba ya chesisi na ya injini kwenye karatasi zake, ndipo tukalipa kwa benki.

Mama, siku nyumba yako itakapofikia hatua hiyo, usikae pembeni. Uliza, hesabu, patana. Na mkikubaliana bei, iwe ni ile mnayoweza kuitaja mezani mbele ya watoto, kisha mkamshukuru Mungu kwayo pamoja nao.