Mazungumzo Marefu Katika Reli ya Uhuru

Mbeya nilikuwa nimekwenda mara nyingi, lakini siku zote kwa basi, kwa njia ya Mikumi na Iringa. Treni ya TAZARA nilikuwa sijaipanda. Nilipopata likizo nikakata tiketi ya daraja la pili, na mtoto wa kaka yangu akanisindikiza mpaka stesheni ya Dar es Salaam, pale Barabara ya Nyerere. Tulipokuwa tukisubiri kuingia aliiomba simu yangu, akashughulika nayo kitambo, kisha akanirudishia.

“Shangazi, mkishaingia porini mtandao ni wa kubahatisha. Nimekupakulia podikasti za kukufikisha mpaka Mbeya. Hazitakula bando, zimo humo humo kwenye simu.”

Mimi nimekulia kwenye redio. Nyumbani kwetu Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ya watu wote: Pwagu na Pwaguzi wakichekesha, unacheka ua mzima, na aliyekuwa kisimani saa ya kipindi cha Mama na Mwana alirudi akasimuliwa na wenzake. Kipindi kikipita kimepita. Podikasti nayo ni kipindi cha sauti, ila saa anayo msikilizaji. Mtu hurekodi mazungumzo au simulizi, huliweka faili kwenye intaneti, na programu iliyo katika simu ya kila aliyejiandikisha hupata taarifa kwamba kipya kimetoka. Utaratibu huo wa kuwapelekea sauti waliojiandikisha ulianzia Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000, kazi ya Dave Winer, mtaalamu wa programu za kompyuta, na Adam Curry, aliyewahi kuwa mtangazaji wa MTV. Mwaka 2005 Apple wakaziingiza podikasti katika iTunes, zikiwa zaidi ya 3,000, na kuanzia hapo hata asiye fundi aliweza kuzifikia kwa kubonyeza tu.

Hayo ningeweza kuelezwa nikiwa sebuleni kwangu nikayaelewa. Lakini raha yake, yaani kwa nini mtu aketi saa nzima akiwasikiliza watu asiowajua wakizungumza, niliijulia ndani ya behewa.

Tulikuwa wanawake watupu, kwa kuwa vyumba vya kulala hugawiwa hivyo: vitanda sita, vitatu kila upande. Kitanda cha chini mkabala na changu alikaa mama mmoja mtu mzima anayeishi Makambako. Juu yake alikuwa binti mwanafunzi wa chuo, anarudi Mbeya. Jioni treni ilipokata Hifadhi ya Nyerere wote tulikuwa dirishani. Twiga walisimama karibu na reli, wakatutazama bila wasiwasi, na swala wakakimbia kundi zima. Giza lilipoingia na dirisha likawa halina la kuonyesha, nikavaa hedifoni.

Nilianza na mfululizo wa Kimarekani uitwao Serial, ambao kijana wangu alisema ndio uliowafungulia wengi mlango. Ulitoka mwaka 2014. Mwandishi Sarah Koenig anafuatilia kesi ya Baltimore: mwaka 1999 msichana wa sekondari, Hae Min Lee, aliuawa, na mwaka uliofuata Adnan Syed, aliyekuwa mpenzi wake hapo awali, akatiwa hatiani. Koenig hajui kama hukumu ile ilikuwa ya haki, na hafichi kwamba hajui. Anapima muda wa kutoka shuleni hadi dukani, anapokea tena na tena simu za mfungwa kutoka gerezani, anabadilisha mawazo mbele yetu. Sikulala mapema. Kesi yenyewe imezunguka mahakamani miaka mingi tangu hapo: hukumu ilifutwa mwaka 2022, ikarudishwa mwaka 2023, na mwaka 2025 jaji akaamua kwamba kifungo alichokwisha kukitumikia Syed kinatosha. Pamoja na hayo yote, usiku ule lilinikaa jambo moja ambalo halijaniondoka. Hae alikuwa mtoto wa watu. Sauti ikisimulia vizuri, ni rahisi msikilizaji kungojea sehemu inayofuata kwa hamu na kumsahau marehemu, na nadhani kila anayetengeneza simulizi za namna hii ana wajibu wa kumrudisha yeye mbele, tena na tena.

Alfajiri tulikuwa Mlimba, na wauza ndizi mbivu na chai walikuwa wameshajaa chini ya madirisha. Nilibadilisha, nikafungua SalamaNa, ambamo Salama Jabir, tuliyemzoea wengi kama jaji wa Bongo Star Search, hukaa na mgeni mmoja wakazungumza kwa kirefu. Yule mama alikuwa akinitazama.

“Unasikiliza nini mwanangu, mpira?”

“Mazungumzo tu, mama. Mtu anahojiwa.”

“Saa hizi redio inashika huku?”

Nikamweleza, nikampa upande mmoja wa hedifoni. Waya ulikuwa mfupi, ikabidi nihamie kitandani kwake. Alisikiliza kimya, macho yako nje, mikono inamenya chungwa. Baada ya muda mrefu akasema, “Huyu mwanamke anamwacha mwenziwe amalize.”

Katika maelezo yote niliyoyasikia kuhusu podikasti, hilo ndilo lililofika karibu zaidi na ukweli. Redioni na kwenye televisheni mgeni hukatizwa na taarifa ya habari, na tangazo la sabuni, na mtangazaji anayetazama saa. Kwenye podikasti mtu anaweza kusita, akatafuta neno, akarudi nyuma kurekebisha alichosema. Msikilizaji husikia mtu akifikiri. Sauti yenyewe imo masikioni, imesogea kama ya mtu mliyelala naye chumba kimoja, na baada ya vipindi kadhaa unaijua pumzi yake, unajua atacheka wapi. Macho na mikono ni mali yako bado: unamenya chungwa, unatazama mto ukipita chini ya daraja, na hukosi neno. Video haitoi ruhusa hiyo.

Yule binti akashuka kutoka juu. Kumbe yeye na wenzake chuoni wana podikasti yao. Nilimuuliza wanarekodia wapi, akasema bwenini, wamejifunika blanketi, kwa sababu ukuta mtupu unarudisha mwangwi na blanketi linaumeza. Wana kipaza sauti kimoja cha kubana kwenye kola, wanapokezana. Kurekodi ni saa moja, kuhariri ni usiku kucha: kutoa kikohozi, kutoa pikipiki iliyopita, lakini si kila kimya, maana kimya kingine kina maana yake. Wanaowasikiliza ni wenzao wanaofua, wanaosuka, walio ndani ya daladala. Mfano wao alikuwa Adelle Onyango wa Kenya, aliyeanzisha Legally Clueless mwaka 2019 na kutenga humo nafasi ya watu wa kawaida kusimulia maisha yao wenyewe. “Kwanza nilidhani lazima uwe na mtu maarufu,” alisema. “Kumbe unahitaji mtu mkweli.”

Kutoka Mlimba reli inapanda milima, inaingia kwenye handaki na kutoka, inavuka madaraja marefu juu ya mabonde ya kijani. Katika kilomita 1,860 za kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, hapa ndipo wajenzi walipotaabika kuliko kote. Yule mama akaanza kutuonyesha kwa kidole. Alizaliwa upande ule. Alikuwa mtoto mdogo reli ilipokuwa ikijengwa, kati ya mwaka 1970 na 1975, na aliikumbuka kambi ya Wachina na vijana wa kwetu waliofanya nao kazi, baba yake akiwemo. Alikumbuka baruti: watoto waliamriwa walale chini, mlima unatetemeka, kisha wanainuka kuhesabu nani kalia.

Binti alikuwa ameshaitoa simu. “Bibi, naomba nikurekodi.”

“Unirekodi nikisema nini?”

“Hayo hayo. Anzia unapotaka.”

Akaanzia kwa baba yake. Binti aliibana simu katikati ya kanga iliyokunjwa kupunguza kishindo cha magurudumu, akauliza maswali machache tu, na mama alipotulia kutafuta jina la mtu yeye naye alitulia. Tulipoingia handakini sauti zote zilimezwa na mlio wa treni. Nilidhani watasimamisha. Hawakusimamisha. Tulipotoka kwenye mwanga mama aliendelea pale pale alipokuwa, na binti akaninong’oneza kwamba lile handaki hatalikata, maana ndilo linalozungumzwa.

Karibu na Makambako akamuuliza kama anamruhusu kuitoa ili watu waisikie. Mama hakujibu upesi. Alisema habari za baba yake si zake peke yake, ana kaka zake wawili, atawauliza kwanza. Tena akataka na yeye aisikie kabla ya mtu mwingine, na simu yake ni kitochi, haina intaneti. Hapo niliona mpaka wa chombo hiki ninachokisifu: kinadai simu janja na bando, na wengi wenye masimulizi mazito kuliko yote hawana hivyo viwili. Binti hakutikisika. Aliuliza kama kitochi kina nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Kilikuwa nayo. Wakakubaliana kwamba akishahariri ataiweka kwenye kadi na kuituma kwa basi linalopita Makambako, kwa jina la mjukuu wa mama mwenye kibanda stendi, na jibu la kaka zake litakuja kwa simu ya kawaida.

Treni iliposimama tulimteremshia mama mizigo yake, kapu la mchele na madumu mawili. Binti alirudi kitandani, akachomeka waya masikioni, akaanza kuisikiliza rekodi tangu mwanzo, daftari likiwa magotini, akiandika dakika za kukata na dakika za kuacha.